Koplo na simu ya mkopo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Koplo mmoja wa JWTZ alikuja kwenye meza yangu ya simu pale Makoroboi, Mwanza, akiwa ameshaamua. Alitaka nimkagulie simu ya mkopo aliyoiona duka la jirani, halafu nimwambie bando la mwezi lipi ni nafuu. Tulipomaliza mazungumzo vyote viwili vilikuwa vimewekwa pembeni. Nakiandika kisa hiki kwa sababu maswali yake ndiyo wanayokuja nayo askari wengi, na mengi huanzia upande ambao haufai kuanzia. Kikosi chake sikitaji, anakopelekwa sipataji, na mambo madogomadogo nimeyachanganya na ya wateja wengine wa kazi hiyohiyo ili asitambulike.

Hali yake ilikuwa hivi. Anakaa kambini. Mke na watoto wawili wako Ukerewe, kijiji cha mbele kidogo ukishashuka meli Nansio. Mshahara unaingia benki, anauhamishia kwenye simu, anamtumia mke, mke anatoa kwa wakala. Alikuwa ameitwa kozi ya miezi kadhaa mkoa mwingine, na aliambiwa huko simu zinakabidhiwa getini Jumapili jioni, zinarudishwa Jumamosi. Baada ya kozi palikuwa na uwezekano wa kwenda nje kulinda amani. Kwa askari wa Tanzania hilo si jambo la kufikirika tu: wenzake walikwenda Kongo na ile brigedi ya kuingilia kati ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013, wengine Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfukoni alikuwa na simu moja iliyopasuka kioo, na laini mbili.

"Fundi, mimi nataka kamera na chaji. Mengine utanisaidia wewe."

Chaji sawa. Kamera tutaifikia.

Mkopo

Simu aliyoitaka ilikuwa na kianzio cha shilingi 95,000, halafu 1,900 kila siku kwa mwaka mzima. Ukiisikia 1,900 ni nauli na maji ya kunywa. Nikamwomba apige hesabu yeye mwenyewe: 1,900 mara 365 ni 693,500, ongeza kianzio, unapata 788,500. Simu hiyohiyo taslimu, meza ya tatu kutoka kwangu, ilikuwa 480,000. Tofauti ni laki tatu na ushee. Hilo peke yake halikumtisha, na sikumlaumu. Mtu mwenye mshahara wa mwezi na majukumu ya kijijini hana 480,000 ya kukaa mfukoni, na bei ya kulipa kidogokidogo ni bei halali ya shida yake.

Kilichonifanya nimwambie aache ni namna simu hizo zinavyofanya kazi. Ndani yake kuna programu ya mkopeshaji inayowekwa kabla hujaikabidhiwa. Imekaa juu ya mamlaka yako wewe mtumiaji, kwa hiyo hata ukiifuta simu yote ukaanza upya, inarudi. Usipolipa, simu inajifunga. Na nyingine hujifunga hata kama umelipa, zikipita siku kadhaa bila kuwasiliana na mtambo wa kampuni kupitia intaneti, maana mtambo hauwezi kujua kama simu imezimwa kihalali au imefichwa. Sasa mweke askari hapo. Simu iko kwenye boksi getini siku sita, imezimwa. Anaichukua Jumamosi, mahali mtandao wa shida, anakuta kioo kimoja cheusi chenye maandishi ya deni. Amelipa wiki nzima kwa mkupuo kabla ya kukabidhi, lakini simu haijui, na ili ijue inahitaji data, na data hawezi kuiwasha kwa sababu simu imefungwa. Wapo wateja wameniletea simu katika hali hiyo na fundi hana la kufanya zaidi ya kuwatafutia namba ya huduma kwa wateja.

Kuna la pili, ambalo afande alilielewa haraka kuliko mimi nilivyolieleza. Programu ya aina hiyo, kulingana na ruhusa ilizopewa, inaweza kujua simu iko wapi. Raia wa kawaida anaweza kusema haimhusu. Mtu ambaye kazi yake ni kuwa mahali ambapo mahali hapo pasijulikane, hawezi kusema hivyo.

Hapa niseme jambo kuhusu ushauri unaozunguka mtandaoni. Mwingi umeandikwa kwa ajili ya askari wa Marekani, na matatizo yao si haya. Kule mtu hufunga mkataba wa muda mrefu na kampuni ya simu, na sheria ya kulinda masilahi ya askari inamruhusu kuuvunja bila faini akipata amri ya kuhamia, kwa siku 90 au zaidi, mahali ambapo huduma ile haifiki. Kampuni pia zina bei za punguzo kwa wanajeshi. Mtu wa hapa akisoma anadhani nasi tuna la kutafuta upande huo. Wengi wetu hatuna mkataba wa kuvunja. Sisi tunaweka vocha, inaisha, tunaweka nyingine. Mkataba wetu umeingilia mlango mwingine, umeingia kwenye kifaa chenyewe kwa jina la mkopo, na huo hakuna amri ya uhamisho inayouvunja.

Swali la bei akalimaliza mwenyewe. Alinunua kwanza kitochi cha laini mbili kwa ajili ya kozi, simujanja akaamua ingoje mishahara miwili. Getini hata kitochi kinakabidhiwa, ila kitochi kikikaa kwenye boksi siku sita unakikuta bado kina chaji, na kikipotea huumii sana.

Mtandao unachaguliwa na nani

Huku ndiko tulikokaa muda mrefu.

Aliniuliza mtandao gani una nguvu. Nikamuuliza: wapi? Akasema, "Kila mahali, mimi sijui nitapelekwa wapi." Jibu liko humohumo. Hajui atakapokuwa, na akijua haruhusiwi kunieleza. Mwisho mmoja wa mazungumzo unahama kila mara; mwisho wa pili, nyumba ya Ukerewe, uko palepale mwaka mzima. Basi anayechagua mtandao ni mke. Yeye atafuata, akihitaji laini ya mtandao mwingine huko aliko ataiongeza.

Hili linakwenda kinyume na mazoea. Wengi huchukua mtandao wenye kasi mjini, wakipima kwa kuangalia video wakiwa Nyegezi au Kirumba, halafu wanashangaa simu ya nyumbani haipatikani. Mwanza mjini mitandao yote inashika. Kisiwani ni hadithi nyingine. Mawimbi ya simu hupita vizuri juu ya maji kwa sababu hakuna cha kuyazuia, kwa hiyo ufukweni simu inaweza kuonyesha mistari ya mnara wa ng'ambo kabisa. Ukiona mistari unadhani una mtandao. Lakini mnara wa 2G, ile teknolojia ya zamani ya kupiga simu na SMS, kwa mpangilio wake wa kawaida hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama simu inausikia: sauti ya simu inachelewa kufika mnarani kuliko nafasi iliyotengewa. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Wanakwambia "hapa inasoma lakini haipigi."

Kisha ukiingia ndani ya kisiwa, nyuma ya mawe makubwa ya huku kwetu, ile mistari inapotea. Nyumba yenye kuta nene na bati inapunguza tena. Mitandao inayotumia masafa ya redio ya chini, megahezi 700 na 800, hupenya na kufika mbali kuliko ile ya 1800 au 2600, ambayo ina kasi lakini inachoka mapema. Mteja hahitaji kuyajua hayo. Anahitaji kupima.

Kwa hiyo tulimpigia mke wake pale pale mezani, nikaomba msaada mmoja: aazime simu za majirani watatu wa mitandao tofauti, asimame jikoni, mlango ukiwa umefungwa, saa mbili usiku, apige na kila moja. Mchana hapana, kwa sababu mchana mnara hauna watu. Chini ya mwembe pia hapana, kwa sababu chini ya mwembe kila mtandao unashika, ndiyo maana watu wamepageuza kituo cha simu. Jikoni saa mbili usiku ndipo mtoto akiugua atakapopiga.

Majibu yake siku ya pili yalikuwa ya kuchekesha. Mtandao ambao afande alikuwa nao miaka yote ulikata mara mbili kabla hajamaliza salamu. Mwingine ulipatikana ila sauti ya upande mmoja. Wa tatu ulishika. Sitataja upi ni upi, maana kijiji cha pili yake majibu yanaweza kugeuka kabisa, na mnara mmoja mpya unabadilisha kila kitu.

Swali la pembeni alilouliza, na huulizwa sana: "Eti Halotel ni ya jeshi?" Ni ya jeshi kweli, ila la Vietnam. Mmiliki wake ni Viettel, kampuni iliyo chini ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, na ilianza huduma hapa 2015. Haikuhusu kwa cheo chako. Pima kama unavyopima mingine.

Na kwa wale wenye ndugu au lindo pande za mipakani, Mutukula au Sirari, kuna tahadhari ndogo: simu ikiachwa ijichagulie mtandao yenyewe inaweza kushika mnara wa Uganda au Kenya bila wewe kujua, salio likaondoka. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono, zima matumizi ya data ukiwa nje ya nchi.

Bando

Hesabu ya bando ilikuwa fupi. Alikuwa akinunua la siku 30 kwa 20,000. Kwenye kozi atashika simu wikiendi tu, siku nane kwa mwezi. Maana yake kila siku anayoitumia inamgharimu 2,500, na siku 22 bando linajiozea kwenye boksi. Kwa bei za wiki ile, la saa 24 lililomtosha lilikuwa 1,000. Nane kwa mwezi, 8,000. Ile 12,000 iliyobaki tukaipeleka anakohitajika: kwenye menyu ya pesa kuna sehemu ya kumnunulia bando mtu mwingine, akawa anamnunulia mke la dakika na SMS mwanzo wa mwezi. Vifurushi visivyoisha muda navyo vipo, dakika moja huwa ghali zaidi, ila kwa mtu ambaye hajui lini atashika simu tena vinaweza kuwa nafuu mwisho wa hesabu. Bei zinabadilika mno kuweza kuziandika hapa zikabaki za kweli.

Laini ya kidole cha mtu

Nilimwambia apige *106#. Ni huduma ya bure inayokuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini moja ilikuwepo. Ya pili, ile iliyounganishwa na benki, haikuwepo. Akakumbuka: ilisajiliwa na kaka wa mkewe, wakati wa ule mshikemshike wa kusajili laini kwa alama za vidole ulioanza 2019, kabla laini hazijaanza kuzimwa Januari 2020. Yeye alikuwa kazini, kitambulisho chake hakijatoka, shemeji akaweka kidole.

Miaka yote haikumsumbua. Sasa fikiria laini ipotee akiwa kozini. Kuirudisha kunataka kidole cha mwenye usajili. Mwenye usajili ni mvuvi, yuko kisiwani, na kwa usajili ile namba ni yake pamoja na akaunti ya pesa iliyomo. Hapo hakuna ujanja: akaenda duka la mtandao na shemeji yake, wakahamisha usajili, benki wakajulishwa. Ilimlazimu kuomba ruhusa kazini, nadhani ndiyo sehemu iliyomuuma kuliko zote.

Na ile tabia ya kumwachia mke namba ya siri ili "atoe mwenyewe", niliikataa ingawa najua nia yake ni njema. Mke awe na laini yake, kwa kidole chake. Benki iwe na maagizo ya kudumu, kila mshahara ukiingia kiasi fulani kiende kwake bila yeye kushika simu. Hilo ndilo linalomfaa mtu ambaye simu yake iko getini tarehe ya mshahara.

Picha

Tulirudi kwenye kamera aliyokuwa akiitaka. Nilichukua simu yake ile iliyopasuka, nikaiweka katika hali ya ndege, nikapiga picha ya meza yangu: betri, bisibisi, vioo. Nikaifungua picha, nikasogeza juu kuona maelezo yake. Ikaja ramani, na kidoti chekundu juu ya Makoroboi. Akaishika, akaikuza, akaona mpaka barabara.

"Si umezima mtandao?"

Mtandao umezimwa, lakini kipokezi cha setilaiti hakitumi kitu, kinapokea tu, na simu nyingi hazikizimi katika hali ya ndege. Kamera ikiruhusiwa kutumia mahali, inaandika mahali ndani ya picha. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo yanaondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, yanakwenda nayo mzimamzima. Askari wanaopenda picha safi ndio hao hao wanaotuma kama faili.

Nilimtajia ya Strava, ile programu ya kukimbia. Ilichapisha ramani ya njia za watumiaji wake duniani mwishoni mwa 2017, na Januari 2018 watu wakagundua kwamba jangwani, mahali pasipo mji, kuna duara linalong'aa: askari wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Hakuna aliyevujisha siri. Walikimbia tu, saa mkononi. Na Makiivka, mji wa Ukraine uliokuwa mikononi mwa Urusi, siku ya mwaka mpya 2023, Urusi yenyewe ilisema matumizi ya simu ya askari wake ndiyo yaliyowaonyesha walipo kabla ya kupigwa na makombora. Baada ya hapo habari ya megapikseli za kamera ilikwisha.

Mipangilio tuliyogusa: kamera kunyimwa mahali, historia ya mahali ya Google kuzimwa, WhatsApp kuwekewa namba sita za uthibitisho pamoja na barua pepe, laini kuwekewa PIN. Juu ya yote hayo, amri ya kamanda wake ndiyo ya kwanza. Fundi wa Makoroboi hamwambii askari aende na nini.

Simu yenyewe

Mishahara miwili ilipopita alitaka maoni juu ya iPhone aliyoletewa na rafiki kutoka Marekani, bei ya kirafiki. Zile za huko kuanzia toleo la 14 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia laini ya kielektroniki (eSIM) pekee. Mjini unaweza kuhangaika ukaipata. Ukipelekwa nchi nyingine, ukataka kununua laini ya sokoni ukaichomeka, huna pa kuichomeka. Akaiacha.

Alichukua Samsung Galaxy A16, taslimu. Betri ni ya mAh 5,000, kama za wenzake wengi sasa, kwa hiyo si hilo. Sababu ni kwamba mtengenezaji ameahidi kuiletea masasisho ya usalama kwa miaka sita, jambo ambalo simu nyingi za bei hiyo na za chini yake hazina. Kwa maji ya ziwa haijajengwa, inastahimili marashrasha tu, na nilimwambia hivyo kwa sababu anapanda meli. Kabla hajalipa tulipiga *#06#, tukalinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye kioo na ya kwenye boksi, tukaituma 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Jibu likaja na aina ya simu ileile. Tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016 hakuna sababu ya kuruka hatua hiyo, hata ukimjua muuzaji.

Kilichobaki bila jibu ni laini akienda nje. Laini isipotumika kwa miezi hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe wa benki yako. Akiiacha kwenye kitochi cha mke, itakuwa hai na itashika mtandao mzuri wa jikoni, lakini kila namba ya uthibitisho itamfikia mke, na benki inakataza kumsomea mtu yeyote. Akiondoka nayo, atapokea ujumbe akiwa nje iwapo mtandao wake una makubaliano na wa kule, ila lazima aikumbuke, aiwekee salio, na isipotee. Mke anataka ibaki. Yeye anataka kwenda nayo. Walipoondoka mezani kwangu walikuwa bado wanabishana, na mke alikuwa na hoja nzuri zaidi: yeye ndiye aliyesimama jikoni saa mbili usiku akipima.